Mama Alipogoma Kuwasha Moto

Asubuhi ya kwanza mama alipokataa kuwasha moto, tulidhani anaumwa. Ilikuwa katikati ya kipupwe, wakati ambao umande wa Njombe huganda juu ya nyasi, na mtu mwenye akili zake hatoki kitandani mpaka asikie kuni zikipasuka jikoni. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi hadi puani nikiingoja sauti hiyo. Badala yake nikasikia kinu. Mama alikuwa anatwanga kitu laini, chenye majimaji, kisichotoa mlio wa mahindi wala wa ulezi. Nikajua leo kuna jambo.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, shuka begani, mafiga matatu mbele yake yana majivu ya jana. Alikuwa amemimina karanga zilizotwangwa kwenye kipande cha kitambaa cha marekani, anakamua kwa mikono miwili, na maziwa meupe yanachuruzika bakulini. Baba akaingia nyuma yangu akiutafuta uji wake. Mama akampa kikombe cha bati kilichojaa yale maziwa, na sahani yenye karoti mbichi, vipande vya tango na pera moja.

"Hiki ni nini, mama watoto?"

"Kifungua kinywa."

"Mbona hakuna moto?"

"Moto una moshi," mama akasema. "Nijengee dohani, utapata moto. Mpaka siku hiyo, asubuhi katika nyumba hii tutakula vibichi."

Baba alikitazama kikombe. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani na hakujua bado kwamba mke wake hatanii, akakiinua na kuyapuliza yale maziwa baridi taratibu, kana kwamba yangemuunguza ulimi. Mimi nilicheka. Mama hakucheka, akaendelea kukamua.

Ili uelewe uzito wa ugomvi huu lazima nikueleze kazi ya baba. Baba alikuwa mwashi, na sifa yake kubwa ilikuwa dohani. Enzi hizo za Mwingereza, kila Mzungu aliyekuja kuishi upande wetu, awe wa misheni, wa boma au wa mashamba ya miti ya miwati, baada ya paa alichotaka ni mahali pa kuotea moto ndani ya nyumba. Na hiyo si kazi ya kila mwenye mwiko na timazi. Dohani ikibana sana, moshi unarudi sebuleni. Ikiwa pana sana, joto lote linapaa na mwenye nyumba anabaki anatetemeka na kutukana. Baba alikuwa na mkono wa kazi hiyo, na walimwita toka Njombe mpaka Makambako. Ukipita barabarani na kuona moshi umenyooka juu ya paa la mtu, ulikuwa na haki ya kudhani kwamba baba yangu alipita pale.

Nyumbani kwake mwenyewe, mkewe alipika juu ya mafiga katika jiko la udongo lisilo na dirisha, moshi ukijitafutia njia kwenye nyasi za paa. Kinyozi hajinyoi, ndivyo watu walivyosema, na walisema akiwepo.

Moshi wa asubuhi ulikuwa na ubaya wake. Jioni uliweza kuacha mlango wazi, ukapika na kuzungumza na wapita njia. Asubuhi kuni zimelowa, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, na moshi haupandi, unalala. Mama alikuwa akipuliza moto huku machozi yanamtoka, anajifuta kwa kiwiko, anapuliza tena. Mimi niliyaona machozi hayo tangu nikiwa mgongoni mwake, nikayahesabu kuwa sehemu ya mapishi, kama chumvi.

Dohani ilikuwa imeahidiwa siku nyingi. Shida ni kwamba matofali hayafyatuliwi masika. Hufyatuliwa kiangazi, na kiangazi ndipo kila mtu alipomtaka baba. Kwa hiyo masika aliahidi, na kiangazi akaenda kuwajengea wengine. Tena alikuwa na hoja. Hoja ya kwanza ilikuwa mama yake, yaani bibi yangu, aliyekaa kwenye kinyumba chake uani. Bibi alisema mahindi ya mbegu yanatundikwa juu ya moto ili moshi uyafukuzie wadudu, na jiko lisilo na moshi ni jiko la kulisha fukusi. Hoja ya pili baba aliisema kwa sauti ya chini: mwashi anayeonekana na matofali ya kuchoma nyumbani kwake, watu watasema ameyatoa kwenye nyumba ya Mzungu. Hiyo ndiyo iliyomuuma hasa. Alikuwa mtu safi na alitaka aonekane hivyo.

Mama alizisikiliza hoja hizo muda mrefu kuliko ningeweza mimi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sasa aliamua yaumie matumbo ya wote.

Wazo la vibichi hakulitoa kichwani mwake. Pale misheni kulikuwa na Sista mmoja, muuguzi wa Kizungu, mrefu mwenye mashavu mekundu, aliyefundisha darasa la akina mama siku za Alhamisi. Aliwafundisha kuosha watoto, kushona na kufunga vidonda, na siku moja aliwaeleza kwamba yeye hapiki asubuhi. Analoweka nafaka jioni, anakwangulia matunda mabichi juu yake, kisha anatia maziwa aliyoyakamua mwenyewe kwenye kokwa za mti fulani wa kwao. Alisema moto huua nguvu ya chakula. Akina mama walirudi nyumbani wakicheka njia nzima, mama akiwa mmoja wao. Kwao maziwa hukamuliwa kwenye ng'ombe, na mtu anayekula kibichi asubuhi ama kachelewa shambani ama kapotelewa na mke. Lakini mama alikuwa na tabia ya kuweka mambo akibani. Kokwa za Sista hatukuwa nazo. Karanga tulikuwa nazo.

Nami nitasema ukweli kuhusu chakula kile, kwa sababu siku hizi wajukuu zangu wanakisaga kwenye mashine na kunieleza mimi faida zake, kana kwamba nimezaliwa jana. Kilikuwa kitamu. Karanga zikilala majini usiku kucha hulegea na kuvua maganda zenyewe ukizisugua. Ukizitwanga polepole, ukatia maji ya kisima kidogo kidogo na kukamua, unapata maziwa mazito yenye harufu ya shamba jipya. Mama aliongeza ulezi alioutia maji mpaka ukachipua, akauanika, akausaga. Ulikuwa na utamu wake bila sukari. Juu yake alikata ndizi mbivu, au pera, au karoti zilizokwanguliwa. Taabu haikuwa utamu. Taabu ilikuwa baridi. Kunywa kile kikombe alfajiri ya Julai kulikuwa kama kumeza ufunguo. Meno yalilia, kifua kikaganda, nikakimbilia kinu nitwange chochote ili nipate joto. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule ya misheni, nami nilimlaumu mama kwa sauti ambayo nilihakikisha haimfikii.

Baba alipambana kwa njia zake. Kwanza alijifanya anafurahia, akatafuna karoti kwa kishindo na kusema sasa ameelewa kwa nini sungura hana mawazo. Kisha akajaribu huruma. "Hata watu wa Iwawa," alisema, "ambako baridi inauma kuliko hapa, asubuhi mtu anachomewa kiazi."

"Basi hamia Iwawa," mama akajibu. "Ukifika huko wajengee dohani."

Alipoona hayo hayafai, akaanza kupotea asubuhi. Alisema anakwenda kuangalia ndama, na ndama hatukuwa naye. Mimi nilimfuata, nikamkuta kwa bibi, amechuchumaa kwenye moshi, anakula kiazi cha kuchoma kwa siri. Bibi alikuwa anamsema mama kwa maneno makali. Yeye, alisema, amepikia moshi tangu akiwa msichana, na macho anayo. Wakati anasema hivyo alikuwa ameligeukia koti la baba, lililotundikwa kwenye nguzo ya mlango, akaliuliza mbona limesimama muda wote, likae na kula. Baba alikuwa upande wa pili kabisa. Aliacha kutafuna. Akasema, "Nimekaa, mama," na bibi akaridhika. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu, nikamsimulia mama kisa cha koti. Mama aliinamia kinu, akasema bibi asichekwe.

Habari zikatoka nje. Jirani aliona mkeka wa mama uani, umejaa ulezi uliochipua, na katika kijiji chetu cha Kilutheri kila mtu alijua ulezi uliochipua ni wa nini. Ni kimea, na kimea ni pombe. Haukupita muda mzee mmoja wa kanisa akatufikia asubuhi na mapema, kofia mkononi, pua mbele.

"Kamwene," akatusalimia mlangoni.

"Kamwene, mzee. Karibu."

Aliingia akiangaza pembe zote. Alitazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya kichanja, akauliza habari za shamba huku anavuta hewa kwa nguvu. Hakukuwa na chungu wala povu. Hakukuwa hata na joto. Mama akamkaribisha mezani, naye, akidhani sasa atauonja ushahidi, akakubali upesi. Akaletewa kimea katika maziwa ya karanga, na ndizi juu yake. Kijiko cha kwanza kilimpanda kwenye meno, akafumba macho. Lakini alikuwa mtu wa adabu; huachi chakula cha watu. Alikula mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga, blanketi la baba mabegani mwake.

"Na chungu kiko wapi?" akauliza mwishoni, sauti imepungua.

"Cha nini, mzee?"

"Cha kupikia tu."

"Asubuhi hatupiki," mama akasema. "Tunamsubiri mwashi."

Mzee alimgeukia baba. Kutuhumiwa pombe baba angeweza kustahimili, lakini ule uso wa huruma ulimkata. Jumapili iliyofuata, katika maombi, yule mzee aliziombea nyumba zote ambazo moto wake umezimika. Vichwa viligeuka benchi kwa benchi mpaka vikamfikia baba. Mama alisema amina kubwa kuliko usharika mzima.

Nilidhani hapo tumeshinda, nikaanza kuuota uji. Baba akakaza shingo. Alisema hawezi kujenga eti kwa sababu kanisa limecheka. Akijenga sasa, watasema amejengeshwa na mkewe. Kiangazi kilikuwa kinakwenda, nyasi zimekauka, na kila siku aliyokaza shingo ilikuwa siku ya matofali iliyopotea. Mvua zikianza, jiko lingebaki vile vile mwaka mwingine. Mama alijua hilo. Nilimwona akitazama mawingu, au nilidhani anayatazama.

Karanga zilipokwisha tulikwenda kwa mama mdogo, ambaye aliolewa Mahongole, jirani na Makambako. Kwetu karanga hazistawi vizuri kwa baridi. Kule chini kidogo kuna jua la kweli. Tulipata nafasi juu ya lori lililobeba magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi, tukafika tunanuka ngozi mbichi. Mama mdogo alikwisha kusikia yote. Alitupa kiroba cha karanga kwa furaha kubwa, akasema laiti angekuwa na mume mwashi angegoma zamani, ila wake ni mfugaji na hajui hata kushikilia ngazi. Tukiwa tunaondoka alituonya kwamba karanga hizo zilinyeshewa uwanjani, tuzichague vizuri.

"Kuchagua karanga unanifundisha mimi?" mama akasema. Na kweli, kwa kuchagua karanga hakuwa na mpinzani. Karanga moja mbovu huharibu kinu kizima, na mikononi mwa mama hatukuwahi kuonja uchungu.

Kabla ya kutafuta lori la kurudi, mama alitaka tupite kwenye nyumba ya wageni ya Mzungu iliyoko njia panda ya Makambako, ambako baba alijenga dohani mwaka uliotangulia. Ilikuwa dohani ya nje, imeuegemea ukuta tangu ardhini hadi juu ya paa. Mama aliisogelea, akaweka kiganja kwenye matofali. Akapitisha kidole kwenye maungio, mstari kwa mstari, kama mtu anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Amenyoosha," akasema. "Na kule juu amemalizia vipi?"

"Si unaona mwenyewe."

"Shingo inaniuma. Niambie."

Nikamwambia. Nikasema juu kabisa ametoa mistari miwili ya matofali mbele, kama ukosi wa shati, na juu yake ameweka bamba lenye miguu minne mvua isiingie. Mama alitabasamu kwa kila neno. Nilimshangaa, mtu yuko vitani na mumewe, halafu anajivunia kazi yake kiasi hicho. Nilidhani nimegundua siri yake, kwamba bado anampenda. Hiyo haikuwa siri, na sikuona iliyokuwa mbele ya macho yangu.

Jioni moja baada ya kurudi, mama aliketi mlangoni na ungo mapajani, anachagua. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza. "Karanga zangu nazijua." Vidole vyake vilikwenda polepole kuliko nilivyozoea. Nikaondoka nikiona amekuwa mzee na mkaidi.

Asubuhi yake maziwa yalikuwa machungu. Hayakuwa na uchungu kidogo, ule unaoweza kuusingizia ganda. Yalishika koo na kubaki pale. Nilitaka kuyatema. Mama alikuwa bado hajaonja, ametupa mgongo anakata ndizi. Nikafungua mdomo niseme, nikaona baba amenitazama. Hakunikataza kwa ishara. Alinitazama tu, nami nikaufunga.

Baba aliyanywa maziwa yake mpaka chini. Kisha akainuka, akauchukua ungo wa karanga zilizobaki, zile ambazo mama alikwisha kuzichagua na kuziweka kwa ajili ya kesho. Kwenye mwanga wa mlango zilionekana hata kwangu niliyekaa mbali: karanga nyeusi, karanga za kijani kwa ukungu, zimelala wazi kabisa katikati ya nzima. Kuziacha hizo si uzembe. Mama hakuwa mzembe, na sote wawili tulilijua hilo. Baba akachukua mbili, moja nzima na moja iliyooza, akampelekea mama kiganjani.

"Mama watoto. Mbovu ni ipi?"

Mama akanyoosha mkono azishike.

"Usishike," baba akasema kwa upole. "Niambie tu."

Mama aliushusha mkono. Uso wake ulikuwa umeelekea kiganja cha baba, lakini ulipita pembeni kidogo. Ndipo nilipoelewa shingo inayouma, na kisa cha koti ambacho hakukicheka, na mawingu. Nilihisi vibaya sana, vibaya kuliko ninavyoweza kuandika. Nilikuwa nimelala naye nyumba moja, nimemlaumu kwa kikombe cha baridi, na hayo sikuyaona mimi niliyekuwa na macho mazuri.

"Tangu lini?" baba akauliza.

"Masika yaliyopita ukungu uliingia, haukutoka. Karibu naona kidogo. Mbali naona mwanga." Akajifuta kwa kiwiko, kwa mazoea, ingawa hapakuwa na moshi. "Sista amenitazama. Anasema kilichoondoka kimeondoka. Kilichobaki, nisikipeleke kwenye moshi, hasa wa asubuhi ninaouinamia."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungejenga siku hiyo hiyo."

"Ndiyo. Ningejenga."

"Ungemjengea kipofu," mama akasema. "Mimi nilitaka unijengee mimi, kwa sababu uliniahidi."

Baba akazifumba zile karanga mbili kiganjani. Akatoka nazo. Tulimsikia uani akitafuta jembe. Mama akanigeukia, akaniuliza kama maziwa yalikuwa machungu sana. Nikasema yalikuwa machungu kiasi. Akasema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo," akanituma nikayamwage yaliyobaki, na jioni hiyo tukachagua karanga wote wawili, bega kwa bega, bila yeyote kumfukuza mwenzake.

Udongo baba aliuchimba kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ya bibi. Matofali alifyatua madogo kuliko ya Wazungu, kwa kibao alichokichonga mwenyewe, na kila moja likiwa bado bichi alilibonyeza kwa kiganja chake juu, alama ikabaki, ili asije mtu akasema limetoka kwenye nyumba ya mwingine. Yalipokauka akayapanga tanuru, akayachoma mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Yule mzee wa kanisa alikuja, akaliona tofali lenye kiganja, akaweka kiganja chake juu yake kulinganisha, akaondoka bila swali. Kutoka mashamba ya miwati alitumwa mtu kumwita baba akatengeneze dohani iliyoziba. Baba akajibu kwamba ana mteja wa siku nyingi, na mteja huyo ni mkali.

Bibi alihamishiwa mahindi yote ya mbegu, yakatundikwa kwake juu ya moshi aliousifu, naye akashinda kwa namna yake. Wakati baba anajenga, alikuja kukaa mlangoni, akalalamika kwamba jiko limeanza kukosa harufu ya jiko. Mama aliendelea na kazi yake. Alikuwa anakabidhi matofali, moja moja, na kila moja alilipapasa kwanza mpaka akipate kile kiganja. Vibichi viliendelea kila asubuhi, kwa kuwa masharti ni masharti. Baba alivila bila kutoroka, na ndama akasahauliwa.

Dohani ilimalizika mvua zikiwa zimenusa tu, bado hazijanyesha. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya Makambako, na nasema hivyo nikiwa nimeziona zote mbili. Ilikuwa na ukosi wa mistari mitatu, wakati Mzungu alipewa miwili.

Moto wa kwanza uliwashwa asubuhi. Baba aliuwasha mwenyewe, kwa kuni zile zile zilizolowa. Ulifuka kidogo, ukasita, kisha moshi ukavutwa wote kwa mkupuo na kuingia shimoni, jiko likabaki limetakata mpaka nikaona utando wa buibui kwenye kona. Mama alisimama katikati akigeuza uso huku na huku, akiutafuta moshi kwa pua. Hakuupata. Akatoka nje haraka, tukamfuata, akasimama pale uani kwenye umande, kichwa amekiinua.

"Unatoka?" akauliza.

"Unatoka," baba akasema.

"Una rangi gani?"

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi ukiacha ya utani. Asubuhi ile alitafuta maneno kama anayetafuta kifaa kilichoangukia mchangani. Akasema mwanzo ulikuwa wa kijivu, kwa ajili ya kuni mbichi, lakini sasa ni mweupe, mweupe kama yale maziwa yake. Akasema umepanda wima hadi usawa wa mkaratusi wa jirani, na pale umeshikwa na upepo, umeinama kuelekea misheni. Akasema jua limeugusa juu tu, chini bado. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, akitabasamu kama alivyofanya Makambako.

"Umeinama?" akasema. "Wa kwenye nyumba ya wageni hauinami."

"Nitapanda niurekebishe."

"Urekebishe." Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Alitafuta mkono wa baba akaupata. "Haya, ingia ndani. Maziwa yako yatapoa."

Mezani vikombe vilikuwa vimepangwa tangu alfajiri, maziwa ya karanga mbichi, ya maji ya kisima, baridi kama kawaida yake. Mama alikuwa ameyaandaa kabla moto haujawashwa, sijui kwa kutoiamini dohani au kwa kuyapenda tu. Aliendelea kuyatengeneza kwa miaka mingi baadaye, na moto upo. Baba alikaa. Akamsubiri mama akae pia, karibu, mahali anapoweza kusikia. Kisha akainua kikombe na kuyapuliza yale maziwa, taratibu na kwa sauti, mpaka mama akaanza kucheka.